Mbegu Iliyochukuliwa na Watani

Siku hizi sikai. Watoto wananiambia, mama tulia, kwa umri huo wewe kaa tu kwenye kiti uote jua. Nakaa, lakini upepo ukigeuka nanyanyuka nikatazame mlimani. Nikiona wingu nanyanyuka. Wingu likiondoka nanyanyuka tena, nilitazame linakoelekea, kama mtu aliyeibiwa anayemfuata mwizi kwa macho. Zamani sikuwa hivi. Mvua ya zamani ilikuwa na tabia, ukiishi nayo unaizoea kama mume: inachelewa, inagomba, lakini inarudi nyumbani.

Nataka kueleza habari ya kikapu cha mbegu, maana ndicho kilichoninyima kukaa. Watu waliomo humu majina yao yote ninayo kichwani, na ya baba zao, na ya mbwa wao pia. Siyaandiki. Kijijini kwetu ukiandika jina la mtu, kesho yake yuko mlangoni anakuuliza ulikuwa na maana gani.

Mimi nilizaliwa juu, Vidunda, kwenye mashamba ya mteremko ambako boga likikuponyoka unalifuata mpaka kwa jirani wa chini. Ndoa ndiyo iliyonishusha huku bondeni, kwenye barabara ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa. Huku nikakuta watu wa kila namna. Wapo wenyeji, na wapo watoto wa wale waliokuja zamani kukata mkonge na kutengeneza reli. Mkonge ulipokufa hawakurudi kwao, walishika jembe kama sisi.

Mtani wangu ni mwanamke, mtoto wa hao. Kabila lake na langu ni watani tangu kwa mababu. Kwa asiyejua utani wetu, nieleze. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, na wewe unacheka. Anaweza kuingia kwako akabeba kitu, na hukasiriki, ukikasirika aibu ni yako. Na msibani mtani ndiye mwenye kazi. Anachimba kaburi, anapika, anamwigiza marehemu, anawachekesha wafiwa ili huzuni isiwale. Siku ya kwanza kukutana, mimi bi harusi mgeni na ndoo yangu kisimani, alisema, "Jamani, nimeletewa mtumwa kutoka mlimani! Haya, chota na ya kwangu." Nikachota, nikammwagia miguuni. Kuanzia hapo tukawa watani wa kweli, na mpaka leo hatujawahi kuamkiana kwa adabu.

Sasa mvua. Mvua ya kwanza siku hizi ni ya kudanganya. Inapiga kwa kishindo, watu wote wanakimbilia shambani, mahindi yanachomoza, yanafika magotini, halafu inaondoka. Jua linashuka. Mahindi yanajikunja majani kama mtu anayeumwa tumbo. Yakinusurika jua, kuna viwavi, na viwavi wakishiba tembo wa hifadhini nao wanapita kuchungulia. Unapanda tena. Inaondoka tena. Kuna mwaka watu walipanda mpaka mbegu ikaisha ndani, na mvua yenyewe ilipokuja wakaitazama kupitia mlangoni. Hakuna kitu kinachouma kama kuitazama mvua nzuri huku huna cha kupanda.

Ndipo akaja bibi shamba, binti mdogo na pikipiki yake, akatukusanya akina mama wengi na wanaume wachache. Alituletea mfuko mdogo wa mtama mweupe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Mtama huu ni mfupi, haufiki kifuani. Lakini hauhitaji mvua nyingi. Mvua ikikatika mapema, wenyewe tayari umezaa."

Mama mmoja akasema, "Mfupi hivyo, si ndege watakula wamesimama chini?"

"Ndiyo maana tutawafukuza kwa zamu, mama," akajibu, na watu wakacheka, wakampenda.

Mke wa mwanangu ninayekaa naye hakuupenda. Kwake mtama ni wa pombe na kuku. "Mama, watoto watakula ugali mweusi?" Nikamwambia mtama wenyewe mweupe, na hata ungekuwa mweusi, mbona mwaka ule wa njaa tulikunywa uji wa pumba na hakuna aliyeuliza rangi.

Tulilima shamba moja la pamoja, shamba darasa, pale karibu na kijito. Tuliupanda kwa kamba, tukaupalilia, tukawapigia ndege makopo mpaka sauti zikatukauka. Ukazaa. Tukakubaliana hakuna atakayeonja, wote uwe mbegu ya kikundi. Ukaja ubishi wa mahali pa kuuweka. Bibi shamba alikuwa ameleta mfuko mzuri wa tabaka kadhaa, usioingiza hewa. Tukauweka kwa mwenyekiti wa kikundi, panya wakautoboa. Panya hawakuhudhuria mafunzo. Basi masuke yakaletwa kwangu, kwa sababu jiko langu ni la mafiga na moshi haukatiki. Nikayapanga kwenye kikapu, nikakiweka darini juu ya moto. Na tukawekeana amri: mvua ya kwanza ikija isiguswe hata punje moja. Tusubiri ya pili.

Mwaka huo mvua ya kwanza ilidanganya kama kawaida yake. Mahindi ya kijiji kizima yakaungua. Hapo kikapu changu kikawa na wageni. Mtu anakuja kuomba chumvi, macho yako darini. Mwingine anakuja kuomba moto, na kiberiti kinaonekana mfukoni. "Ipo, bibi?" "Ipo." Anashusha pumzi, anaondoka na kusahau moto wake. Nyumba zote zile zilikuwa zimening'inia kwenye dari yangu, nami niliona uzito wake kila nikipuliza jiko.

Katikati ya kungoja huko akafariki shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Tulikuwa tukimtunza hapo nyumbani, kwa hiyo msiba ukawa kwetu, na mimi nikakaa kwenye mkeka kama mwenye nyumba. Ukishakaa kwenye mkeka wa msiba hunyanyuki ovyo, wala huingii jikoni. Jiko linachukuliwa na wengine. Wakaleta sufuria kubwa za kupikia watu, moto ukawa mkubwa, ndimi zikalamba dari. Mke wa mwanangu akaogopa mbegu zisiungue, akakishusha kikapu. Akakiweka mlangoni, kando ya unga na maharage yaliyoletwa na watu wa kuhani. Alifanya vizuri. Hata mimi ningefanya hivyo.

Mtani wangu akatokea amevaa koti la marehemu na kofia yake. Akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akakohoa kikohozi chake chenyewe, akaita kwa sauti yake, "Wee! Chai yangu iko wapi? Au mpaka nife?" Watu waliokuwa wakilia wakapasuka kwa kicheko, na machozi bado yanatiririka. Mchungaji alificha uso nyuma ya kitabu cha sala, mabega yakimtikisika. Mimi pia nilicheka. Shemeji alikuwa hivyo hivyo.

Kisha akafika mlangoni, akakiona kikapu. Akakiinua, akakitua kichwani juu ya kofia ya marehemu.

"Marehemu ananinong'oneza," akasema. "Ananiambia, mtani, mtama wangu usiwaachie watu wa mlimani, hawajui kupika."

"Wewe, kiweke chini," nikasema. "Hiyo ni mbegu."

"Mbegu! Hata mimi nilikuwa mbegu. Nikaota, oneni nilivyonenepa!"

"Nasema kweli. Ni mbegu ya kikundi."

"Jamani, anasema kweli! Lini watu wa mlimani walisema kweli?"

Ua mzima ukacheka. Nikitaka kumzuia, ninavyozidi kusema ndivyo mchezo unavyozidi kunoga. Wenzangu wa kikundi walikuwepo, lakini wakadhani ni kikapu kingine. Nani angefikiri mbegu imeshushwa? Kunyanyuka mkekani nikapigane na mtani siku ya maziko, hilo halijawahi kufanyika kwetu. Nikacheka nao. Mdomo ulicheka, macho yakakifuata kikapu. Naye akatoka anacheza na kikapu chetu kichwani, watani wenzake nyuma yake, vigelegele.

Sijui kama mliwahi kukaa mahali na mwili wote unataka kwenda. Tulimzika shemeji, tukarudi mkekani, watu wanaimba nyimbo za faraja, mimi natazama juu ya paa la jirani. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa mlimani, yale mazito ya chini, siyo yale ya kupita. Wanawake waliokaa nami walidhani nahangaika kwa uchungu wa kufiwa. Wakanipa maji. Wakanipepea na kanga. Nikamwita mke wa mwanangu, nikamtuma kwa mtani.

Akarudi anainama sikioni kwangu. "Anasema uende mwenyewe kukikomboa, uende na jogoo mwekundu, umpigie na magoti."

"Umemwambia ni mbegu kweli?"

"Nimemwambia. Anasema hata yeye angetumia uongo huo huo."

"Kikapu umekiona?"

"Nimekiona, mama. Kitupu. Wameshagawana."

Ndiyo desturi, na nilikuwa nimeisahau. Kitu cha mtani hakiliwi na mtu mmoja. Kila aliyekuja msibani wa upande wao anapata chake, hata kama ni kidogo. Mbegu yetu ilikuwa imekwenda nyumba kwa nyumba, mpaka vitongoji vya kule ng'ambo ya kijito.

Tanga lilipoanuliwa sikusubiri hata kunywa chai. Nikamkamata jogoo mwekundu, nikamtia kwapani, nikaenda. Mtani alikuwa uani anapepeta mchele. Akaniona, akaanza, "Haya, mtumwa wangu kaleta..." Kisha akanitazama usoni, akauweka ungo chini.

"Mtani," nikasema, "leo sitanii."

"Ilikuwa mbegu kweli?"

"Ya kikundi. Ya nyumba zote zile zilizounguliwa na mahindi."

Akakaa chini, vumbini, pale pale. Yule jogoo akaniponyoka akaanza kuokota mchele wake, na hakumfukuza. Mwishoni akasema, "Nilijua unacheza. Ulicheka."

"Nilicheka."

"Basi simama twende. Mimi niligawa ovyo kama mlevi. Wewe ulikuwa umekaa mkekani, uliwaona wote walionifuata."

Niliwaona, na hilo la kukumbuka watu nimejaliwa. Nikawa nawataja mmoja mmoja, mpaka yule kijukuu aliyebebwa mgongoni na bado akapewa suke la kuchezea. Tukaenda. Kila nyumba tukapokelewa kwa utani, kwani wao hawajui kilichotokea. Mzee mmoja alikataa kutoa mpaka nitamke mbele ya wake zake kwamba yeye ni mzuri kuliko marehemu mume wangu. Nikasema. "Kwa sauti," akasema. Nikasema kwa sauti. Akanipa masuke yake yote, akaongeza na ndizi. Nyumba ya pili tulikuta kuku wameshamaliza. Mwingine alikuwa ametia kwenye kimea cha pombe, punje zimeshaota vijimkia, zinatutazama.

Tukafika kwa mama mmoja mjane, kibarua wa msimu kule shamba la mbegu la Kilangali, msimu huo hakupata kazi. Wajukuu wamejaa uani. Akaona kanga yangu iliyofungwa masuke, akaelewa kabla sijasema.

"Nilitwanga, mtani," akasema. "Tulikunywa uji. Walilala wameshiba."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa lawama njia nzima, sasa sikuona ya kumpa. Nikamwachia zile ndizi.

Wa mwisho alikuwa mzee mchimba kaburi, anayekaa peke yake pembezoni. Akatupeleka nyuma ya choo chake. Ardhi kavu, imetifuliwa, imefunikwa majani.

"Nimezipanda," akasema. "Kwenye vumbi. Mvua ikija ikute zimo."

"Kwa hiyo wewe uliniamini, nilivyosema ni mbegu?"

"Sikukuamini hata kidogo. Nilipanda nikuumbue. Zisipoota, nije nikucheke."

Tulipokuwa tunarudi mvua ikashuka. Ya pili, yenyewe, tuliyokuwa tukiingoja. Tulikimbia kama wasichana, vikongwe wawili na kanga ya masuke tumeificha tumboni isilowe. Nilikuwa nacheka na kulia, sijui kipi kilitangulia.

Kikundi kilikutana chini ya bati la godauni, mvua inapiga hata mtu haisikii sauti yake. Nikafungua kanga. Nusu ya kilichokuwamo kikapuni haikufika. Mwenyekiti si mtani wangu, kwa hiyo hasira yake ilikuwa hasira kweli. "Bibi, tulikukabidhi roho zetu," akasema.

Mtani wangu, ambaye si mwanakikundi, akasimama. "Nigombeze mimi. Mwizi ni mimi."

"Wewe nikikugombeza utacheka."

"Leo sicheki."

Akamgombeza mpaka akachoka. Mtani akasikiliza ameinamisha kichwa. Kisha bibi shamba akauliza la kuulizwa: tufanye nini na hiki kilichopo? Wengine wakasema kila mtu apewe punje zake akapande kwake. Wengi wakaogopa, wakaona mbegu imeshatawanyika vya kutosha. Tukakubaliana tuipande yote pamoja, shamba darasa, tuizidishe, tusile. Nami nilinyoosha mkono pamoja na wengi. Nilitaka iwe mahali pamoja niione kila siku.

Ikaota vizuri. Nilikwenda kuitazama asubuhi, nikaenda tena jioni, mpaka njia ikajichora. Halafu mvua ile ile tuliyoisubiri ikakataa kusimama. Ikanyesha juu Vidunda na kwingineko, maji yakaja yote kwa pamoja, ya udongo, yana magogo, kijito kikawa mto. Tulisimama upande wa juu tukaangalia shamba darasa linaondoka. Halikuzama, liliondoka, udongo na miche, pakabaki mchanga mweupe kama wa mtoni. Hakuna aliyelia. Mwenyekiti alivua kofia kama mtu aliye makaburini.

Kwa hiyo msimu ule tulikula mihogo kwa wenye mihogo, na wasio nayo walifanya vibarua vya miwa upande wa Ruaha. Mke wa mwanangu alikwenda. Mimi nilibaki na watoto, natoka nje, naingia ndani.

Siku moja, wakati mahindi ya kawaida yangekuwa yanavunwa kama yangekuwepo, nikasikia vigelegele njiani. Mtani wangu anakuja na kikapu changu kichwani, anacheza kama siku ile, na nyuma yake yule mchimba kaburi na watu wengine wawili watatu. Kikapu kimejaa masuke. Nyuma ya choo pale paliota. Na siyo pale tu. Kuna aliyepanda kwenye kichuguu, kuna aliyerusha tu kando ya zizi la mbuzi, hata yule kijukuu suke lake la kuchezea lilipukutika karibu na mlango na mama yake akaviacha vichipukizi kwa kuvionea huruma. Tulipopita siku ile kukusanya, hao hawakutuambia kama wamebakiza. Watani ndivyo walivyo.

"Haya," akasema mzee. "Nimekuja kukucheka, zimenikatalia."

Nikamwita bibi shamba akaja. Alifurahi, kisha akalishika suke moja, akaligeuzageuza, furaha ikapungua. "Bibi, umechanganyika. Jirani na choo pale kuna mtu ana mtama wa zamani, ule mrefu mwekundu. Ukipanda huu, mwingine utarefuka, mwingine utachelewa mvua iishe. Si safi tena."

"Utazaa?"

"Mwingine utazaa. Sijui upi."

Basi tumekuwa tukiuchambua tangu hapo, mimi na mtani wangu, hapa uani. Mafupi meupe huku, marefu huku, yenye punje za kahawia pembeni kabisa. Hayarudi tena kwenye dari moja. Kila mwanakikundi anachukua ya kwake akatundike jikoni kwake, na watani wamepewa nao, safari hii kwa hiari yetu, jambo ambalo limewaudhi. Mjane wa Kilangali alipewa mafungu mawili, moja tukamwambia ni la uji.

Jana tulibakiza suke moja tusilolijua. Si fupi, si refu, punje nyeupe zina wekundu kwa ndani kama jicho la mtu asiyelala. Nikamwonyesha.

"Hili je?"

"Lipeleke nyuma ya choo," akasema. "Na jogoo wangu yuko wapi? Siku ile alikimbia akarudi kwako."

"Njoo umpigie magoti."

Upepo ukageuka. Nikasikia baridi shingoni, nikatazama, wingu limekaa Vidunda, la chini, zito. Inaweza kuwa ya kwanza, ile ya kudanganya. Inaweza kuwa ndiyo yenyewe na haitarudi tena. Nikanyanyuka.

"Kaa chini wewe mtumwa," akasema mtani wangu. "Hata ukisimama, haikuoni."

Nikakaa. Nikachambua kidogo. Kisha nikanyanyuka tena, na safari hii yeye pia alinyanyuka, tukasimama pamoja mlangoni, na lile suke bado liko mkononi mwangu.